Yule Niliyemchora Amesimama

Mvua naiogopa. Nalisema mapema ili msomaji asidanganywe na picha zangu. Nimechora mvua nusu ya maisha yangu. Nimeichora ikichungulia nyuma ya milima, nimeichora ikipiga mabati, na watu wameinunua wakaenda kuitundika sebuleni kwao. Lakini ile yenyewe, ya maji, ikianza kunguruma, mimi hutafuta kiti, nikakaa, nikashika magoti. Mke wangu huniuliza kama nina homa.

Sikusoma. Niliishia darasa la tatu huko Karagwe, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi, nikatolewa shule kwenda kuchunga ng'ombe wa watu. Kuchora nilijifunzia kwenye milango ya malori. Hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Nilipokuja Kigali nilikuwa mtu mzima tayari, nikaanza na vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi, kisha chupa kwenye kuta za baa, kisha kuku kwa wauza kuku. Kuku wangu walisifiwa sana. Ungedhani wanataka kudonoa. Kutoka kwenye kuku nikahamia kwenye milima, na kwenye milima nimebaki. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa brashi. Wako waliosoma mpaka wakachoka na bado wanapanga.

Kuna siku huko Kimihurura, kwenye nyumba moja wanamotundika picha, bwana mmoja alisimama mbele ya watu akazungumza Kifaransa kirefu juu yangu. Binti aliyekaa kando yangu akanitafsiria. Anasema kazi zako, mzee, zinahusu maumbile na ustahimilivu wa binadamu. Nikamwuliza ustahimilivu wa nani. Akasema wa hawa watu unaowachora, wanaopanda tena viazi vilivyochukuliwa na maji, wanaorudisha bati juu ya nyumba. Nikasema sawa, kama ndivyo. Mimi nilidhani nachora majirani.

Nasimulia haya kwa sababu ya jirani mmoja tu.

Tunakaa kwenye mteremko, mwendo mfupi kutoka Batsinda. Nyumba yangu iko juu ya mwamba. Nilipochimba msingi niliharibu sururu. Ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wangu, ndiko anakokaa huyo mama. Kwake hakuna mwamba. Kiwanja chake ni udongo mtupu, na nyuma ya jiko lake ardhi inakatika ghafla, genge refu linashuka mpaka kwenye korongo la migomba. Ukisimama kule chini na kutazama juu, unaona ukuta wa udongo mwekundu, na juu kabisa paa la nyumba yake kama kofia.

Udongo ule ndio rangi yangu. Madukani wana nyekundu za makopo, nzuri za kupaka mageti. Nyekundu ya lile genge hawana. Nilikuwa nashuka na sepetu na ndoo baada ya mvua kupita, naubandua ukiwa laini, nauanika juu ya bati, nautwanga, nauchekecha kwa kipande cha chandarua, halafu nauchanganya na gundi ya seremala. Ukiupaka mnene unakauka na mikunjo, kama mlima wenyewe. Watu hugusa picha zangu kwa vidole hata wakikatazwa. Naam, wanagusa lile genge.

Yule mama alikuwa akinisikia nachimba, anatoka nyuma ya jiko na kupiga kelele kutoka juu.

“We mzee! Unanichimbia kaburi au unachimba chakula?”

“Nachimba sura yako, mama!”

“Basi chimba vizuri, usisahau pua!”

Ni mjane, amenizidi umri kidogo ingawa hakubali. Alikulia Bujumbura, akauza samaki wadogo wakavu sokoni mpaka mgongo ukamkatalia. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, maana nilipohamia hapo Kinyarwanda changu kilikuwa kibovu, watoto wananicheka. Yeye alinijibu kwa Kiswahili cha kwao siku ya kwanza, akaniazima na ungo. Tangu hapo hatujaacha kugombana.

Sasa ile picha. Mwaka mmoja mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi nikasikia watu wanapiga yowe. Nilitoka. Sehemu ya shamba lake la viazi ilikuwa imeteremka korongoni pamoja na kibanda cha mbuzi. Mbuzi walikuwa wamehamia wenyewe jikoni, wanyama wana akili. Yeye nilimkuta amesimama pale ukingoni, jembe mkononi, miguu imezama kwenye udongo mwekundu mpaka juu ya vifundo, kitenge kimemgandia mwilini, anatazama chini. Nyuma yake mbingu ilikuwa imeanza kufunguka. Nilimtazama kama mchoraji anavyotazama, Mungu anisamehe, kabla sijamtazama kama jirani. Kisha nikamwita.

Picha ile niliichora kubwa, nikatumia ndoo nzima ya udongo. Ikanunuliwa na hoteli moja ya Kiyovu, wakaitundika pale wageni wanapoingilia. Mama aliposikia, akanijia mlangoni.

“Umeniuza?”

“Nimeuza picha.”

“Picha ni ya nani?”

“Yako.”

“Basi nipeleke nikaone nilikouzwa.”

Tukapanda moto mbili, pikipiki za abiria, yeye mbele na mimi nyuma. Alikuwa amevaa nguo za misa, na mtandio umekunjwa begani kama anakwenda kuozesha. Mlinzi wa hoteli alitaka kutuuliza maswali, mama akampita. Alisimama mbele ya ile picha muda mrefu sana. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Mwishowe akasema, “Miguu umeifanya mikubwa.” Nikamwambia ndiyo ilivyokuwa, ilikuwa na matope. Akasema, “Hapana, ni vizuri. Miguu hii haiendi mahali.”

Mhudumu mmoja akatambua kuwa mwanamke wa kwenye picha ndiye huyu. Akawaita wenzake, wageni nao wakaja, wakaomba kupiga picha naye. Mwanamke mmoja, wa ofisi kubwa nadhani, alimshika mikono yote miwili akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba yeye ndiye nguvu ya nchi hii, kwamba upepo na maji havikumweza. Mama alinyooka. Nilimwona akinyooka, na sijui kama amewahi kuinama tena tangu siku ile. Tuliporudi alikuwa na kipicha cha ile picha kwenye karatasi ngumu, hoteli walimpa. Akakitundika ukutani kwake, sawasawa na Bikira Maria, si chini yake wala si juu.

Nilifurahi. Naeleza tu, nilifurahi kama mtu yeyote ambaye kazi yake imempendeza mwenye sura.

Msimu huu mvua zimekuja na hasira. Mwanzoni mwa msimu palipita siku ya jua, nikachukua sepetu na ndoo, nikashuka kule chini. Nilichomeka sepetu kwenye genge kama kawaida, nikategemea ule ukinzani ninaoujua mkononi. Hapakuwa na ukinzani. Sepetu iliingia mpaka mpini, kama nimeichoma kwenye ugali. Nilipoichomoa maji yakafuata. Si mengi, uzi tu wa maji mekundu, lakini yalitoka ndani, mahali ambapo sikuwahi kuona maji hata siku moja. Nikaweka kiganja. Udongo ulikuwa baridi. Nikatazama juu: mizizi ya migomba yake ya ukingoni ilikuwa inaning'inia hewani, na pale palipokuwa na udongo wa kuifunika palikuwa na kivuli.

Niliacha ndoo. Sijaifuata mpaka leo.

Nilipanda kwake, nikazunguka nyuma ya jiko bila hata kubisha. Uwanja ulikuwa umefagiliwa vizuri, yeye ni msafi. Lakini palikuwa na mstari wa majivu umekatiza uwanja wote, kutoka pembe ya jiko mpaka kwenye choo. Nikayagusa majivu kwa kidole cha mguu. Yakazama. Chini yake palikuwa na ufa unaoweza kumeza mkono.

“Huu tangu lini?”

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho. “Ni ardhi imekauka.”

“Imekauka na hizi mvua?”

“We mzee, umekuja kukagua uchafu wangu? Namwagia majivu kila asubuhi, unajaa.”

“Haujai, mama. Unakula.”

“Basi unakula majivu. Majivu ninayo.”

Nikamwambia nilichokiona kule chini. Nilimwambia yote, hata maji. Akanisikiliza, akapuliza maganda ya maharage, akaniambia nimezeeka. Kama niliuchokoza mlima ule mimi mwenyewe kwa ndoo zangu, sijui. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, alisema ndoo za mtu mmoja haziwezi kitu, ni maji ya juu yanayotafuta njia. Huenda alinihurumia. Mimi sikulala vizuri kwa hilo, na sitaki mtu anifariji.

Huyo mkuu wa mudugudu ni mtu mwema, anatembelea watu badala ya kuwaita. Alikuja kwa mama keshoye na kamba mkononi. Aliutazama ufa, kisha akamwambia kwa heshima kwamba hapa hapafai tena, kwamba amepata chumba cha kumhifadhi Batsinda, kwenye nyumba za matofali, pako tambarare, na majirani watambeba mizigo. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Mama akamkaribisha kiti, akamwonyesha ukuta.

“Unamwona huyo?”

“Namwona, mama. Ni wewe.”

“Anafanya nini?”

“Amesimama.”

“Basi mwulize huyu mzee aliyemchora. Yeye ndiye anajua kama miye ni mtu wa kuhama.”

Mkuu akanigeukia. Alikuwa na tabasamu dogo la mtu aliyechoka. “Haya, mzee. Mwambie wewe.”

Nikamwambia. “Hama, mama.”

Akanitazama kana kwamba simjui. “Ulinichora nimesimama. Watu wamekuja wamenishika mikono, wamelia mbele yangu. Leo nikikimbia, ile picha itakuwa uongo. Na weye utakuwa umeuza uongo Kiyovu.”

  Mkuu wa mudugudu alifunga kamba yake nyuma ya jiko ili watu wasipite, akasema atarudi na vijana Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja, na akaniomba niendelee kuzungumza naye. Usiku wa siku ile mvua ilinyesha kidogo tu, na mimi nilihesabu kila tone.

Nikafikiri kwamba picha iliyomweka pale, picha nyingine inaweza kumtoa. Ndivyo akili yangu inavyofanya kazi, sina nyingine. Nikachukua ubao, nikajaribu kumchora anaondoka: godoro kichwani, mgongo kwetu, mteremko nyuma. Nilijaribu siku kadhaa. Mkono ulikataa. Kila nilipomchora anatembea, alitoka kama mtu aliyeiba. Mabega yalijikunja yenyewe. Ndipo nikajiuliza, mzee mzima, ni watu wangapi nimewachora miaka yote hii na hakuna hata mmoja anayekimbia? Wote wamesimama, wote wanalima, wote wanainua bati. Na nimewaona kwa macho yangu wakikimbia! Nimekimbia nao!

Hata siku ile ya viazi. Nilipomwita kutoka ukingoni, mama alikuwa anatetemeka mpaka jembe linagonga mguu wake. Meno yalikuwa yanalia. Aliniambia, “Nishike, sioni chini.” Nilimshika, nikamrudisha, mke wangu akamfunika blanketi, akakaa kwetu mpaka jioni. Nilipokwenda kuchora, hayo yote yalibaki nje. Sikuyatoa kwa hila. Yalidondoka tu, kama makapi yanavyobaki juu ya chandarua.

Hata hivyo nilimpelekea ule ubao mpya. Akauangalia kwa mbali, akausogeza karibu.

“Huyu ni nani? Mwizi wa magodoro?”

“Ni wewe, unaenda Batsinda.”

“Amenuna.”

“Nimeshindwa kumchora vizuri.”

“Kwa sababu si kweli,” akasema, akanirudishia. “Mkono wako una akili kuliko kichwa chako. Kunywa chai uende.”

Siku ambayo nataka kuieleza, kabla ya ile Jumamosi, ilianza na jua kali, la kuchoma. Mchana likajificha. Wingu lilikuja jeusi, chini, limebeba tumbo, na upepo ukageuza majani ya migomba upande wa nyuma. Ndege walinyamaza. Mke wangu akaanua nguo, akaniambia niingie ndani. Nilikuwa tayari nimeshika magoti. Halafu nikaona moshi unatoka jikoni kwa mama. Alikuwa anapika, kana kwamba hakuna kitu.

Sijui nilivukaje ile njia. Mke wangu anasema nilikimbia. Mimi nakumbuka nikitembea. Matone ya kwanza yalinikuta mlangoni kwake, makubwa, mazito, yanachimba vishimo kwenye vumbi.

“Mama, toka. Twende kwangu.”

“Ingia, utalowa.”

“Sikuja kuingia.”

“Basi lowa.”

Nikaingia. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango na nikamwambia kwamba kama haondoki, na mimi siondoki. Nilisema kwa ujeuri, nikidhani namtisha. Akacheka. Akaniletea chai. Mvua ikashuka.

Mtu ambaye hajakaa chini ya mabati kwenye mvua ya Kigali hawezi kuelewa. Huwezi kusikia unachowaza. Mwanga uliondoka chumbani, nikabaki nauona mdomo wa mama ukisogea bila sauti. Maji yalianza kupita uwanjani, mekundu, na niliyaona kupitia dirishani yakifika kwenye ule mstari wa majivu na kupotelea hapo. Hayakuvuka. Yaliingia yote, uwanja mzima wa maji, kama yanamiminwa kwenye chupa. Nilingoja ufa ujae. Haukujaa.

Kisha ukuta wa nyuma ukatoa sauti. Haikuwa kubwa, niliihisi sakafuni kuliko kuisikia. Ilikuwa kama mtu amevunja kijiti kwa goti. Vumbi likadondoka kutoka kwenye pembe ya dari, juu ya meza. Mama alilifuta kwa kiganja.

“Mlango,” nikapaza sauti. “Jaribu mlango wa nyuma.”

Akauvuta. Haukufunguka. “Umevimba kwa maji,” akanipazia sauti.

Mimi nimetengeneza milango. Mlango uliovimba unagoma chini. Ule ulikuwa umebanwa juu, fremu imelala upande kama mtu anayeegemea bega la mwenzake.

Nilitaka kusimama nimvute mkono. Hapo ndipo miguu ilipokataa. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani na sikuweza kukinyamazisha. Chai ilinimwagikia kwenye suruali, ya moto, na sikuweza hata kuipangusa. Nilitetemeka kuanzia tumboni, mbele ya mwanamke, mimi ambaye nimejenga nyumba juu ya mwamba. Mama alianza kucheka. “Angalia mchoraji!” Halafu akaacha kucheka. Alinijia karibu, akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wangu kwa sababu ya kelele za bati.

“Unasemaje?”

“Hata wewe ulitetemeka,” nikamwambia. “Siku ile ya viazi.”

“Ilikuwa baridi.”

“Uliniambia nikushike.”

  Akauliza sikioni mwangu, kwa sauti ndogo, “Basi kwa nini hukunichora hivyo?”

“Sikujua namna.”

“Miaka yote hii?”

“Sijui namna, mama. Sijui.”

Alinitazama usoni. Aliona nini sijui, sura yangu siioni. Lakini nilimwona akiamua, na hakuamua kwa ajili yake. Alinishika chini ya kwapa kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea, mwanamke mwenye mgongo mbovu, akanivuta juu.

“Simama, we mzee. Hutafia kwangu. Watu watasema nini?”

Akamtoa Bikira Maria ukutani, akamtia kifuani ndani ya nguo. Akaingia jikoni kwa mlango wa ndani. Nilipiga kelele, nikidhani amepotea akili. Akatoka na chungu cha maharage, kimefungwa kitenge, kinafuka moshi. Hajawahi kuacha chakula motoni na hakuwa tayari kuanza. Tulitoka kwa mlango wa mbele, yeye na chungu mkono mmoja na mimi mkono wa pili, tukavuka ile njia iliyokuwa mto. Nilianguka mara moja. Maharage hayakumwagika. Kile kipicha cha hoteli kilibaki ukutani. Nilikiona tulipokuwa tunatoka, sikusema.

Mke wangu alitufungulia. Tulikaa watatu, tukala maharage bila chumvi kwa sababu hakuna aliyetaka kuinuka. Kabla mvua haijakatika tulisikia genge. Watu wengi hudhani ardhi ikianguka inanguruma. Hii ilivuta pumzi tu, ndefu, halafu migomba ikavunjika kule chini, mmoja baada ya mwingine. Mama aliweka kijiko.

Asubuhi tulitoka kutazama. Choo hakipo. Jiko limeondoka nusu, mafiga mawili yamebaki, la tatu liko korongoni. Nyumba yenyewe imesimama, pembe moja iko hewani, unaona mwanga chini yake. Mkuu wa mudugudu amezungusha kamba mbali zaidi, na vijana wamefunga matawi makavu kwenye njia.

Imesimama mpaka leo ninapoandika, na hiyo ndiyo shida yangu. Kama ingeanguka ningelala. Mama anakaa kwetu, kwenye chumba ninamoweka picha, anagombana na mke wangu juu ya chumvi na juu ya namna ya kufunga mboga. Kila asubuhi ananiambia, “Nyumba yangu imesimama, mzee. Umenitoa bure.” Namwambia bado. Ananiambia, “Bado, bado, kama wimbo.” Anataka masufuria yake. Anataka jembe. Jua likiwaka kidogo anaanza kufunga kitenge kiunoni, na mimi nakaa mlangoni kama mlinzi wa benki. Wamenipigia simu kutoka Kimihurura kuuliza kama nina picha mpya. Nimewaambia sina. Udongo sina, na mkono hautulii.

Leo asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa na yeye hayupo. Jua lilikuwa limetoka, safi kabisa, la kumdanganya mtu. Sikuvaa viatu. Nilivuka njia nikimwita, nikaruka matawi, miiba ikanichoma.

Nilimkuta kwenye kamba. Alikuwa upande wetu. Amesimama ameishika kwa mikono miwili, hatua chache kutoka mlangoni kwake, anatazama nyumba. Kitenge kilikuwa kinatikisika na upepo haukuwepo.

“Nilikuja kuchukua sufuria,” akasema bila kugeuka. “Nimefika hapa miguu imekataa.”

“Vizuri.”

“Vizuri nini, we mzee? Naogopa.”

“Ndiyo, mama.”

“Naogopa kweli. Sijui kama nitaweza kurudi nilikotoka. Nishike.”

Nikamshika. Mikono yake ilikuwa ya baridi na yangu haikuwa na nafuu, tukawa tunatetemeshana. Ndani ya nyumba kitu kilidondoka, kidogo tu, labda kikombe. Wote wawili tulirudi nyuma bila kuambizana.

“Kile chumba cha Batsinda,” akasema, “mkuu bado amekiweka?”

“Amekiweka.”

“Nipeleke nikakione. Leo, kabla mawingu hayajaja.” Aliiachia kamba, akanikamata kiwiko. “Lakini tupite barabara ya juu. Hii ya chini, inayopita korongoni, siitaki.”